Kutoka Moshi Mjini Hadi Kidia, Marangu na Akeri: Safari ya Kukusanya Historia ya Kwetu

Jumatatu, Moshi mjini

Sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kuhusu wazee wetu wa Kilimanjaro iko mbali na Kilimanjaro. Madaftari ya wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika nasaba za mangi (watawala wa jadi wa Kichagga), mila za ndoa na habari za mashamba, yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefanya kazi miaka mingi Kidia, kijiji cha huku mlimani, alichapisha mafundisho ya kimila ya Wachagga kwa Kijerumani, vitabu vitatu vikubwa, kati ya 1932 na 1938. Wazee waliomkalisha chini na kumweleza walikuwa wa hapa hapa. Wajukuu wao hawana namna ya kuyasoma maneno ya babu zao wenyewe.

Jambo hilo limenikera muda mrefu, na ndiyo sababu ya safari hii. Nataka tuwe na kijitabu cha Kiswahili, kilichokusanywa kwa wenyewe, kikachapishwa hapa Moshi kwa bei ambayo mzazi wa Kidia anaweza kuimudu.

Leo nimebaki mjini kujiandaa. Nimenunua kauntabuku, penseli laini, bahasha za kaki na memori kadi ya akiba. Pawabenki ninayo. Nimefuatana na kijana wa shangazi yangu, yeye atashika simu ya kurekodi na mimi nitauliza. Barua ya utambulisho tayari imegongwa muhuri.

Mchana tulipita stesheni ya reli. Watoto wengi wa mjini hawajui kwamba Moshi ya asili si hii. Moshi ya Mangi Rindi na mwanawe Meli iko kule juu, na hata Wajerumani boma lao la Moshi walilijenga huko. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, maduka na ofisi zikaanza kukua huku chini karibu na treni, na jina likashuka nazo. Waliobaki mlimani wakaanza kuitwa Old Moshi, kwa Kiingereza, kwenye ardhi yao.

Jioni mzee mmoja wa Majengo alitufungulia sanduku la bati. Chini kabisa, chini ya vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kahawa, palikuwa na nakala mbili za Komkya, gazeti la Baraza la Wachagga la miaka ya 1950. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya rangi. Mahali ilipokunjwa imekatika, na mchwa wameingia kwa pembeni wakala safu nzima ya kulia, wakaacha ukingo wenye vipembe vipembe. Nilitaka kuigeuza, mzee akanishika mkono. “Taratibu, mwanangu. Ukiivuta tu, imekwisha.” Tuliiweka juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, tukapiga picha kila ukurasa bila mwanga wa simu, na sanduku likabaki kwake. Hii ndiyo kanuni tuliyojiwekea: karatasi ya mtu haitoki nyumbani kwake. Inatoka picha tu.

Jumanne, Old Moshi

Gari la Kidia tulilipata Kiborloni, limejaa mikungu ya ndizi iliyokuwa inarudi mlimani kwa kukosa mnunuzi. Ukipanda barabara ile, baridi inakupokea kabla kijani hakijakolea. Migomba, kahawa, mibuni ya zamani yenye mashina manene, na masale kwenye kila mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo.

Tulikwenda kwanza Tsudunyi kwenye mti. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapo, pamoja na viongozi wengine 18 wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha. Amri ilitoka kwa Kapteni Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi. Miaka minane kabla ya hapo, 1892, watu wa Meli walikuwa wamelishinda jeshi la Kijerumani la von Bülow, na Bülow mwenyewe akafa katika vita vile. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Haya yapo katika vitabu. Ambayo hayapo ni namna watu wa hapa walivyoyahifadhi vinywani, nani alimsimulia nani, jikoni au kwenye mbege, kwa sauti ya juu au ya kunong'ona.

Bibi tuliyeelekezwa anakaa hatua chache kutoka barabarani. Tulimsalimu shikamoo, akaitika marahaba, akatukalisha, na hatukuulizwa shida yetu mpaka tulipokunywa uji. Ndipo nikamweleza, na kijana akamwonyesha simu.

Tunaanza kila rekodi kwa utaratibu mmoja. Nataja tarehe, mahali, jina la msimulizi, ukoo wake, naye anasema mwenyewe kwa sauti yake kama anakubali tuchapishe na kama jina lake liandikwe. Bila hayo sauti itakuja kuokotwa miaka thelathini ijayo na mtu asijue ni ya nani. Rekodi za namna hiyo zipo nyingi kwenye familia, kanda za harusi na misiba zilizojaa sauti za marehemu wasio na majina.

Bibi alisimulia yale aliyoambiwa na mama mkwe wake, ambaye naye aliyapokea kwa waliokuwepo. Kwamba watu waliitwa washuhudie. Kwamba Meli alichukua muda mrefu kufa. Kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Hapo alinyamaza, akaweka kikombe chini, akasema, “Mtu huzikwa kihambani kwake akiwa mzima wote. Huyu mpaka leo hajazikwa.” Familia ya Meli imelitafuta fuvu hilo kwa miaka mingi. Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa huku na jamaa walio hai hapa Tanzania. La Meli halikuwemo. Nilipomwambia bibi habari hiyo alikuwa ameshaisikia redioni, na alitaka kujua jambo moja tu: hao waliopatikana watarudishwa lini?

Kabla hatujaondoka aliuliza, “Hiyo sauti yangu mnaipeleka wapi?” Swali hilo linastahili jibu lililonyooka. Nilimwambia nakala moja itabaki kwake kwenye simu ya mjukuu wake leo hii hii, ya pili kwetu, ya tatu kwenye fleshi itakayokaa shuleni. Kijana aliihamisha pale pale, bibi akaisikiliza dakika kadhaa akitikisa kichwa, kisha akatusahihisha jina la mto tulilolitaja vibaya mwanzoni.

Mchana tulimkuta meku (mzee) mmoja, fundi wa mfongo. Kwa asiyejua, mifongo ni mifereji ambayo wazee waliichimba kuyateremsha maji kutoka mito ya juu hadi vihambani, mingine ni ya zamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Yeye anasema mfongo wa kitongoji chao ulichimbwa na ukoo wake, na akataja babu hadi babu. Jirani yake wa ng'ambo, tuliyemkuta nusu saa baadaye, anasema ulichimbwa na ukoo wa kwake, naye akataja babu hadi babu.

Hapa mwandishi wa historia ya mahali anatakiwa kuwa makini kuliko mahali pengine popote. Aliyechimba mfongo ndiye mwenye neno la kwanza kwenye zamu ya maji. Ukichapa kwamba ni wa ukoo fulani, kitabu chako kitapelekwa kwenye kikao cha kitongoji kama ushahidi, na pengine mahakamani. Vivyo hivyo mipaka ya vihamba. Nimeamua tutaandika simulizi zote mbili, kila moja na jina la aliyeisema, na hatutasema nani mkweli.

Jumatano, Kidia

Mvua tangu alfajiri. Hatukutoka. Tumeshinda tunaandika yaliyorekodiwa, kazi inayokula muda kuliko zote, kwa sababu saa moja ya mazungumzo huweza kumaliza siku nzima. Bibi anachanganya Kichagga na Kiswahili, na mahali alipotumia Kichagga tunakiacha kama alivyosema, Kiswahili kikae pembeni yake. Methali ya Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, ikifanywa Kiswahili tupu inabaki mifupa.

Mvua ilipopungua nilitembea hadi kanisani na kuiona nyumba ya Gutmann. Nilisimama pale nikiwaza wale waliokaa naye kwenye kibaraza wakimweleza mafundisho ya kimila, neno kwa neno. Yeye jina lake liko kwenye kila orodha ya vitabu vya Wachagga. Majina yao nataka yawe kwenye ukurasa wa kwanza wa chochote tutakachochapa.

Alhamisi, Kilema na Marangu

Kilema ni mahali Johannes Rebmann alipopokelewa na Mangi Masaki mwaka 1848, mwaka alioiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na wasomi wa Ulaya wakamkatalia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Tuliruhusiwa kuangalia daftari la zamani la ubatizo, kwa kukaa nalo mezani mbele ya katekista.

Ni kitabu kizito, mgongo wa ngozi, wino umekuwa wa kahawia. Kila mstari una namba, tarehe, jina la Kikristo, jina la nyumbani, baba, mama, msimamizi. Maneno ya kawaida ni Kilatini, lakini majina ni yetu, yameandikwa jinsi sikio la padre lilivyoyasikia, kwa hiyo jina moja la ukoo lina tahajia tatu katika ukurasa mmoja. Kijana alikuwa na haraka ya kupiga picha, mimi nikamwomba asome kwa sauti. Alipolitamka jina kwa sauti, katekista aliyekuwa kimya muda wote akainuka. “Huyo ni mama wa bibi yangu.”

Thamani ya madaftari haya kwa mwandishi wa kijiji ni kubwa mno. Mzee akikuambia alizaliwa mwaka wa njaa, au baba yake alioa wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, unaweza kufunga simulizi lake kwenye tarehe. Nasi tunawasaidia wazee kwa matukio tunayoyajua: mwaka Thomas Marealle aliposimikwa Mangi Mkuu, 1952, Uhuru, 1961, mwaka vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, 1976. Ukimuuliza mzee, “Ilikuwa mwaka gani?” anakwama. Ukimuuliza, “Ilikuwa kabla ya Mangi Mkuu au baada yake?” anakujibu papo hapo na kukuongezea mambo mawili.

Marangu tulifika alasiri. Nilitaka sana kufika hapa kwa ajili ya Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu ambaye kati ya 1913 na 1916 alizunguka kwa wazee na kuandika habari za mangi na koo katika madaftari yake. Hakuwa na mashine ya kurekodi, alikuwa na masikio na kalamu. Alifariki mwaka 1927. Kathleen Stahl alipochapisha historia yake ya Wachagga mwaka 1964 aliyategemea sana madaftari hayo. Mtoto wa Marangu anayemaliza darasa la saba anapaswa kujua kwamba mwanahistoria wa kwanza wa kwao alikuwa mwalimu wa kwao.

Na Marangu ndiyo iliyotupa pia Petro Itosi Marealle, mangi aliyekaa akaandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kikatoka mwaka 1947. Mama muuza duka wa Marangu Mtoni alituambia baba yake alikuwa nacho, kikaazimwa, hakikurudi. Nimesikia maneno hayo hayo katika kila kijiji safari hii. Kitabu kikichapwa kidogo, kikiazimwa mara moja, kijiji kimekipoteza. Ndiyo maana naona uchapaji wa pili na wa tatu ni muhimu kama wa kwanza, na hatutaki faili la mwisho libaki kwa mchapaji peke yake.

Ijumaa, Machame

Safari fupi. Nkwarungo, kituo cha Wamisionari wa Leipzig tangu 1893. Familia moja ilitutolea albamu: arusi, kipaimara, wazee wamekaa mbele ya nyumba ya bati jipya, mwanamume mwenye suti na fimbo. Hakuna jina hata moja. Mama mwenye nyumba aliwaita shangazi zake wawili, wakakaa juani na picha mapajani, na kwa mabishano na vicheko wakapata majina ya karibu wote. Tuliyaandika nyuma kwa penseli laini, kwa wepesi, kuanzia kushoto. Wino hupenya na kuharibu uso wa picha, penseli haipenyi. Mwanamume mwenye suti hawakumjua. Shangazi mkubwa alisema yule angemjua dada yao, na dada yao alizikwa mwaka jana.

Jumamosi, Akeri

Wapo walioniuliza historia ya Old Moshi inanipeleka vipi Meru. Inanipeleka kwa sababu waliokufa pamoja na Meli hawakuwa Wachagga peke yao. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa Akeri, Meru, muda mfupi baada ya kufika, na huyo huyo Johannes wa kituo cha Moshi akaja na jeshi kulipiza. Mashamba yalichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wa Meru na Arusha waliishi miaka ile chini ya adhabu hadi kunyongwa kwa viongozi wao kule Moshi. Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa katika wakati ule ule, kwa mikono ya walioshindwa.

Nilishuka Tengeru nikapanda bodaboda. Mzee niliyezungumza naye alianzia 1896 na bila kupumzika akafika 1951, Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki kwa ajili ya walowezi, na 1952, Kirilo Japhet alipokwenda Umoja wa Mataifa kuwasemea. Kwake ni habari moja ya ardhi, haina sura mbili. Nimekubaliana naye, na nimebadili mpangilio wa kijitabu: simulizi la Meli sasa litakuwa na majina ya Wameru na Waarusha walionyongwa naye, jinsi wazee wao wanavyoyataja.

Jumapili, Kidia tena

Baada ya ibada, nje ya kanisa, mnada wa sadaka kama kawaida: mkungu wa ndizi, kuku, chupa ya maziwa, na dalali anayejua udhaifu wa kila mfuko. Mnada ulipokwisha mwinjilisti alitutangaza. Waliobaki walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Nilisoma rasimu kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kijana akiandika kila pingamizi.

Sehemu ya Meli walisikiliza bila neno. Sehemu ya mfongo palichemka. Meku yule na jirani yake walikuwepo wote wawili, kila mmoja akasikia simulizi lake na la mwenzake, na jina lake likitajwa. Jirani alisimama akasema la kwake limefupishwa. Tulilirudia, ni kweli la meku lilikuwa na mistari mingi zaidi kwa sababu alisema mengi zaidi. Akatusimulia upya mbele ya watu, tukaliongeza, na meku hakupinga. Kina mama wakauliza swali ambalo lilitakiwa kuulizwa: mbona kwenye orodha ya wasimulizi wanaume ni wengi hivi, na nani alikuwa anapeleka chakula kwa waliochimba? Tumeandika majina ya bibi wanne wa kwenda kuwaona kabla ya kuchapa.

Mwalimu wa sekondari akaomba herufi ziwe kubwa ili wazee wasome wenyewe. Imekubaliwa.

Jumatatu, Moshi mjini

Kwa mchapaji. Kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, kwa hiyo zimebaki kurasa tupu mwishoni. Mchapaji alitaka tuweke matangazo. Tumeziwekea mistari na kichwa “Nyongeza na masahihisho ya familia,” ili mwenye nyumba aandike ya kwake, na toleo la pili tutapita kuzikusanya. Namba ya ISBN tunaiombea kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na nakala za kisheria zitakwenda huko. Baada ya hapo maktaba ya mkoa, shule za Old Moshi, Kilema na Marangu, na nakala moja ya bure kwa kila aliyetupa sauti yake au sanduku lake. Zitakazobaki zitauzwa kwenye mnada wa kanisa na dukani Kiborloni.

Hatuchapi mpaka bibi wanne wa Kidia wazungumze, na hiyo ni kazi ya wiki hii. Wiki ijayo ni Uru. Nimeambiwa yupo mzee aliyekuwa karani wa baraza la mangi kabla halijafutwa, na bado ana madaftari yake.